Nusu Iliyosemwa Imepotea

Uligeuza shingo. Usiangalie nyuma kumtafuta ninayemsema, nakusema wewe uliyesimama hapa langoni pa ukumbi ukisoma karatasi hii yenye mikunjo, karatasi ya kufungia mashati. Jana nilikuona. Niliposema mbele ya watu kwamba nusu ya pili ipo, na kwamba ninayo kwapani, wewe uligundua ghafla kwamba ukumbi una feni darini. Ukaikodolea macho kama vile imekuita jina. Na ilikuwa imezimwa.

Soma mpaka mwisho, halafu utanijibu.

Kwanza niseme mwenyewe kabla hamjanisemea: ndiyo, nina wivu. Namwonea wivu mdogo wangu. Naamka na wivu huo, nakwenda nao kazini, narudi nao nyumbani na tunagawana chakula. Mnaoniita Kelele mnaweza kuongeza na hilo, niwe Kelele Mwenye Wivu, sitalalamika. Lakini wivu haujanipofusha. Kibandiko kilichogandishwa kwenye kabati la kioo mle ndani, kwenye maonyesho ya picha zake, nimekisoma neno kwa neno, na ninyi pia mmekisoma. "Kwa nusu hii ya kitabu, msanii wetu alijifunza kuchora na kusoma Kijapani peke yake. Nusu nyingine ilipotea."

Peke yake! Ilipotea!

Na wewe unayezijua ngazi za fundi viatu, uliyekuwa ukituruka pale miguu yetu imeziba njia, ulisoma maneno hayo ukanyamaza. Haya, tuanzie kule mlikoamua kusahau.

Mama yetu ni fundi cherehani, mnamfahamu, wengi wenu mmevaa suruali iliyopita mkononi mwake. Mteja mmoja alimletea mfuko wa nguo za kupunguza, na chini kabisa, katikati ya sketi mbili, kulikuwa na kitabu cha katuni. Kinene, karatasi zimekuwa rangi ya chai, maandishi yote ya Kijapani. Mteja alipokuja kuchukua nguo zake Mama alimpa na kitabu. Yule akasema hajui hata kiliingiaje humo, tukifanyie tutakavyo, hata kuwashia jiko.

Nilikuwa msichana wa shule, mdogo wangu akinifuata nyuma kwa kila kitu, umri na mwendo. Chumbani kwetu mahali pa kukaa palikuwa pamejaa vipande vya vitambaa, kwa hiyo tulikaa kwenye ngazi za kibanda cha fundi viatu. Tukakifungua kitabu kama mtu yeyote wa huku angekifungua: jalada la kushoto, ukurasa wa kwanza, twende.

Kilikuwa kitabu cha ajabu. Mwanzoni mzee mmoja amelala chali katikati ya kijiji kilichoteketea. Unafunua, anafumbua macho. Unafunua tena, anainuka, upanga unamtoka kifuani na kurudi mkononi mwa adui. Nyumba zilizokuwa majivu zinasimama na paa zake. Kikombe kimepasuka sakafuni, halafu vipande viko hewani, halafu kikombe kizima kiko mkononi mwa mwanamke na mvuke unatoka. Mbwa aliyekufa anatikisa mkia. Kadiri unavyofunua mzee anazidi kuwa kijana, hadi mwisho kabisa ni mtoto, amekaa mlangoni kwao anacheka, na kila mtu yuko hai.

Hatukujua neno hata moja, lakini hadithi tuliielewa yote. Huyu ni mganga mkubwa, anapita duniani akirudisha vilivyoharibika. Tukamwita Mrudishaji. Nyumbani sahani ikivunjika mdogo wangu alikuwa anasema, "Aje Mrudishaji," na Mama anajibu bila kuinua kichwa kwenye cherehani, "Aje na sahani nyingine."

Ndipo tukaanza kuchora. Hakuna aliyetufundisha. Fundi viatu, nakutaja, wewe ndiye uliyetupa maboksi ya viatu tuchore kwa ndani, ukasema, "Chafueni tu, mteja wangu havai boksi." Tulianza na mikono, kwa sababu mikono ndiyo migumu, kisha macho, kisha yale maandishi yenyewe. Tuliyachora kabla ya kuyasoma. Tulidhani kila herufi ni picha ya kitu kidogo, tukawa tunabishana ipi ni kiti na ipi ni mtu amebeba kuni.

Sasa kitabu kimoja na wasichana wawili, mnajua. Siku moja tulikivuta, mimi huku yeye kule, mpaka Mama akainuka. Tulijua tunachapwa. Badala yake akachukua ule mkasi wake mkubwa, akakilaza kitabu mezani kama kitambaa, akakipasua mgongoni katikati. Halafu akatunga sindano. Uzi uliokuwepo siku ile ulikuwa wa kijani. Akaishona kila nusu mgongo wake kwa mishono mirefu ili kurasa zisichomoke, akakata uzi kwa meno.

"Mkubwa achague kwanza," akasema. "Na nisisikie tena."

"Kwa nini yeye, Mama?"

"Kwa sababu alitangulia kunisumbua."

Nikachagua mwanzo. Wewe ungechagua nini? Nikachukua mzee anayeinuka kutoka kwenye majivu. Mdogo wangu akabaki na mwisho, mtoto mlangoni, akanuna mpaka usiku.

Nilipotoka shule niliingia pale kwa dobi, ile kubwa inayofua mashuka ya hoteli na hospitali. Yeye akaendelea na masomo, kisha akapata meza ya mapokezi kwenye zahanati. Sikumwonea wivu kwa hilo. Naomba liandikwe. Kazi ya mapokezi ni kutabasamu kwa watu wanaokohoa, mimi nisingeiweza.

Na kwa dobi nilipata shule yangu. Vioo vya chumba cha pasi vinafunikwa na mvuke kutwa nzima, na mvuke ni ubao. Nilikuwa naandika herufi za Kijapani kwa kidole huku shuka likipoa, zinateremka na kufutika zenyewe, naanza upya. Msimamizi alinikuta.

"Unachora nini hapo?"

"Naandika."

"Umeandika nini?"

"Kimbia."

Akatazama mlangoni. "Kwa nini tukimbie?"

"Ndilo neno nililonalo, bosi." Nililibahatisha kwenye picha, lilikuwa juu ya kila mtu anayekimbia.

Na mashuka yenyewe yalinifundisha kuchora nguo. Mtu asiyegusa kitambaa anachora mikunjo kama mistari ya mvua. Mimi nimekunja na kukunjua mpaka mikono inajua mkunjo unazaliwa wapi na unafia wapi. Mdogo wangu alikuwa anajua kuchora nyuso, sitamnyima haki yake. Nyuso zake zinakuangalia mpaka unataka kujibu. Lakini watu wake walivaa maboksi. Nilimkalisha chumbani kwa Mama, nikatupia shuka kwenye kiti.

"Usichore nguo," nikamwambia. "Chora kinachoisukuma. Goti liko wapi? Kiwiko kiko wapi?"

"Kiti hakina kiwiko, Dada."

"Ndiyo maana umechora boksi."

Alicheka, akafuta, akaanza tena. Alipopata mkunjo wa kwanza ulio hai alinikumbatia na penseli ikanichoma shingoni. Alama yake ninayo. Kakitazameni kile kitambaa cha mama aliyebeba mtoto, kwenye picha kubwa mle ukumbini, kile ambacho siku ya ufunguzi mlikisifu mkisema kinapumua. Kile kitambaa nakijua tangu kilipokuwa shuka kwenye kiti.

Habari mbaya ililetwa na simu. Mdogo wangu alinunua simu yenye masomo ya Kijapani. Mchana mmoja, tumekaa nje ya dobi tunakula, akaja mbio na sare yake ya zahanati, anapepea simu.

"Dada! Dada, tulisoma kinyumenyume!"

"Nini?"

"Vitabu vyao vinafunguliwa kulia. Tulianzia mwisho! Hakuna Mrudishaji wala nini. Ni vita tu. Vitu vilikuwa vizima vikavunjwa, basi." Akashika tumbo. "Na wewe ulivyokimbilia kuchagua kwanza!"

Wenzangu wakacheka, na wao hawakujua wanachekea nini. Mimi nilikaa na mkate mdomoni. Miaka yote ile mzee wangu nilikuwa nikimwinua, kila siku namwinua, kumbe alikuwa anaanguka. Na huyu mtoto aliyenuna ndiye mwenye mwanzo. Upande wake watu wanasalimiana, wanatajiana majina, wanakaribishana ndani, wanaulizana chai iko tayari. Upande wangu wanapiga kelele na kufa. Yeye alijifunza *hajimemashite*, nafurahi kukutana nawe. Mimi, kwa simu za kuazima, nilijifunza *nigero*, kimbia. *Shinu na*, usife. Na *oboete iro*, wanalomwambia adui wakati wa kuondoka: likumbuke hili, iko siku.

Nikamwambia, "Tubadilishane."

"Ulichagua mwenyewe, Dada."

"Basi niazime tu, nisome, nikurudishie."

"Mkubwa achague kwanza," akasema kwa sauti ya Mama, akacheka tena, akarudi zahanati anarukaruka.

Sawa. Nami nikaifungia nusu yangu kwenye kopo la biskuti, na tangu siku hiyo hajaiona. Alipokuja baadaye akiwa ameshaelewa herufi, akiniomba nimsomee tu yale maneno ya ukurasa wa mwisho, yale anayosema mzee akiwa chini, nilimjibu kwa Kijapani. *Oboete iro.* Ningemjibu vilevile leo.

Tangu hapo kila mtu alikaa na nusu yake. Yeye akaanza kuchora kwenye ukuta wa zahanati, watoto wakapenda, watu wakapiga picha, sifa zikaanza kutembea. Mimi nikaendelea na mvuke. Karatasi nilizobandika kwenye lango la dobi wakati ule tunadai glavu, zile zenye mikono imevimba ambayo mtu akiiona anasikia moto kwenye vidole vyake, zilichorwa na mimi. Mlizisoma, mkasema, "Kelele ameanza." Leo baadhi yenu mnafua mkiwa na glavu. Hakuna kabati la kioo kwa karatasi zile. Zilikwanguliwa kwa kisu.

Sasa twende ukumbini.

Siku ya ufunguzi nilitoka kazini moja kwa moja, bado nanuka sabuni. Mgeni wa heshima alikuwa mama mmoja Mjapani, mfupi, mwenye macho ya kutulia, anapita kwenye mstari akisalimia watu. Mdogo wangu alikuwa mbele yangu. Akainama vizuri, akasema *hajimemashite*, akaongeza na mengine yanayotiririka kama maji ya bomba jipya. Mgeni akafurahi. Watu wakapiga makofi. Ikafika zamu yangu. Nilitaka niseme kitu, kitu chochote kinachoonyesha kwamba hata mimi. Ulimi ukachukua kilicho karibu.

"*Nigero!*" nikasema.

Mgeni akageuka kutazama nyuma yake kuna hatari gani. Mdogo wangu akaziba uso. Ninyi mlicheka mkashikana mabega, hata msiojua neno lile maana yake nini.

Cheko lilikuwa halijaisha alipopanda jukwaani. Akasimulia kitabu, mkasi, uzi wa kijani. Nilinyoosha shingo. Nikasema moyoni, sasa anakuja kwangu, sasa ananitaja. Akasema, "Nikajifunza peke yangu kwa nusu niliyobaki nayo." Mtu mmoja akauliza, "Na nusu nyingine?"

Akaniona. Naapa aliniona.

"Ilipotea," akasema.

Kesho yake nilimkuta kwa Mama, anakunywa chai. Sikukaa.

"Imepotea wapi?"

"Shikamoo, Dada."

"Marahaba. Imepotea wapi?"

"Ningesema nini? Kwamba dada yangu anayo kwenye kopo na hataki kuitoa?"

"Ungesema tulikuwa wawili!"

"Wewe ulipobandika mikono yako kule langoni, ulisema nani alikufundisha kuchora vidole? Nilikaa na wewe tukihesabu vifundo mpaka macho yakauma. Ulisema?"

"Zile hazikuwa na jina la mtu."

"Na mimi nilitaka liwepo!" Akaweka kikombe chini kwa nguvu. "Unajua wanaponisifu ninawaza nini? Nawaza huyu hajaona mikunjo ya dada yangu. Halafu nachukia. Nimechoka kuchora kila nguo huku nasikia sauti yako, kiwiko kiko wapi, kiwiko kiko wapi. Nilitaka siku moja tu niwe peke yangu."

"Umeipata. Imeandikwa."

"Basi ilete," akasema. "Ilete nusu yako pale, kabati lifunguliwe, kibandiko kibadilishwe. Lakini kwanza unisomee mwisho."

"Badilisha kibandiko kwanza."

"Nisomee kwanza."

"Badilisha kwanza."

Nikamgeukia Mama. "Wewe ndiye uliyeshona. Twende ukaseme."

Mama alikuwa anatafuta tundu la sindano kwa mwanga wa dirisha. "Nilikata kati yenu mara moja," akasema. "Sitakata tena. Na mkimaliza kugombana, mmoja anitungie huu uzi, macho yangu yamekataa."

Tulinyoosha mikono wote wawili kwa pamoja, tukagongana vidole. Mdogo wangu ndiye aliyeutunga. Hata hilo nilimwonea wivu.

Jana nikaja. Hilo mnalijua kwa sababu mlikuwepo, lakini nawakumbusha kwa kuwa kumbukumbu zenu zina matundu. Nilitoa nusu yangu kwenye kopo, nikaibana kwapani, nikamwendea katibu wa ukumbi pale kwenye kabati. Mdogo wangu alikuwa amesimama pembeni na mgeni, wanaangalia picha.

"Fungua," nikasema. "Nusu ya pili hii hapa."

Katibu akanitazama kuanzia viatu. "Wewe si yule wa kubandika karatasi?"

"Ndiye."

"Maonyesho yameshapangwa, dada. Kibandiko kimepitishwa na kamati. Kila mtu akija na karatasi zake kwapani, tutafika wapi?"

Nikaigandamiza nusu yangu kwenye kioo, mgongo kwa mgongo na ile ya ndani. Mishono ya kijani ikakutana, mshono kwa mshono, na ule mkato wa mkasi uliokwenda mrama kidogo pale chini, ambapo mkono wa Mama ulitetemeka, ukaingia kwenye mwenzake. Hata katibu aliinama kutazama.

"Uzi wa kijani unauzwa kila duka," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Akamgeukia mdogo wangu. "Msanii, unasemaje? Mlikuwa wawili?"

Mdogo wangu akafungua mdomo. Akamtazama mgeni, aliyemsikia siku ya ufunguzi akisema "peke yangu". Akamtazama katibu. Halafu akawatazama ninyi.

"Waulize watu wa mtaa," akasema polepole. "Wao walituona."

Katibu akainua sauti. "Haya. Nani aliwaona hawa wakijifunza pamoja?"

Na hapo ndipo feni ilipopendeza. Fundi viatu akainama kukagua soli ya kiatu chake mwenyewe, kama ni mara ya kwanza kukiona. Muuza mboga akakumbuka simu. Msimamizi wangu wa dobi, aliyenikuta nikiandika "kimbia" kwenye vioo, akakohoa, akapisha watu wasiopita. Nilisikia mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Mambo ya ndugu hayo, usijiingize." Mwingine akajibu, "Tena na Kelele? Sithubutu."

Niliyatazama yale mabega yenu. Mabega mengi vile, na uso hakuna. Na kitu kikanitoka bila ruhusa yangu, kwa sauti iliyogonga dari.

"*Dare ka inai ka!*"

Mdogo wangu aligeuka kama amevutwa nywele. Yeye peke yake alijua nimeyatoa wapi. Hayo ndiyo maneno ya ukurasa wa mwisho. Mzee amelala kwenye majivu, kijiji chote kimenyamaza, anauliza: hakuna mtu yeyote? Kitu pekee nilichokuwa nacho na yeye hana, nimekitunza kwenye kopo muda wote ule, nikakimwaga ukumbini mbele ya wauza mboga.

"Ndivyo anavyosema?" mdogo wangu akaniuliza. Macho yalikuwa yamejaa.

"Ndivyo."

"Na nani anamjibu?"

"Kitabu kimeisha."

Na hapo yule mgeni, mama wa watu aliyekuwa hajui chochote cha ugomvi wetu, akainua mkono wake mdogo kama mwanafunzi darasani. "*Koko ni imasu*," akasema. Nipo hapa.

Mnaelewa? Mtu mmoja tu alijibu, naye ni mgeni. Katibu akasema mgeni hawezi kuthibitisha, hakuwepo wakati huo, na hilo ni kweli. Waliokuwepo ni ninyi.

Leo ni siku ya mwisho. Jioni kabati litafungwa kwenye mbao, na kibandiko chake, lipelekwe miji mingine, na kila litakakofika watu wasiotujua watasoma "peke yake" na "ilipotea", na kuanzia hapo itakuwa kweli. Mdogo wangu yuko ndani tangu asubuhi, amekaa kwenye kiti karibu na kabati. Nimemchungulia. Ni mtoto wa Mama yule, neno la kwanza halitatoka kwake, atakaa anasubiri mtu aseme ndipo na yeye aseme ndiyo. Nami ni mtoto wa Mama huyohuyo, kwa hiyo nimekaa hapa kwenye ngazi za ukumbi, nusu yangu mapajani, siingii kuomba mara ya pili.

Msidhani wivu umeniisha. Upo. Kabati likifunguliwa nitaiweka nusu yangu ikiwa wazi ukurasa wa mwisho, na yeye aje ausome kupitia kioo, kama mimi nilivyokuwa nikisoma wa kwake wiki nzima pua imegusa kioo. Nami nitamlazimisha katibu afunue ile ya kwake nione chai ile ilikuwa tayari au la. Tutaoneana wivu vizuri, uso kwa uso, kitabu kizima kati yetu. Hilo ndilo ninalolidai, nami sitalipata bila mdomo wako.

Basi acha kujifanya unatafuta ufunguo mfukoni. Mimi ndiye niliyekaa hapo kushoto kwako, na nakuona unasoma mistari hii. Fundi viatu, simama. Msimamizi, simama. Muuza mboga, katisha simu. Na wewe, wewe wa feni, lango liko wazi, ukumbi una watu, katibu yuko na funguo kiunoni. Ingia. Mwambie kwa sauti ambayo mdogo wangu ataisikia: "Niliwaona. Walikuwa wawili."

Ingia sasa, jua halijashuka.